Unachonakili ni kiti, si spika: kupima masikio yako kwa ajili ya hedifoni

Swali: Shikamoo fundi. Nimepanga chumba na sebule Chumbageni, hapa Tanga, na ukuta ulioegemewa na televisheni yangu ndio ukuta wa chumba anacholala mwenye nyumba. Nahariri filamu fupi na kuzitengenezea sauti, na kazi yenyewe karibu yote naifanya usiku. Kaka yangu anakaa Raskazone, ana spika 5 na sabufa, na nikiketi kwenye kochi lake sauti inanizunguka kweli. Nimesoma kwamba mtu anaweza kuweka maiki ndogo masikioni, akapima spika za namna hiyo, kisha akazisikia kwenye hedifoni kana kwamba zipo chumbani. Programu za sauti ya kuzunguka nilizojaribu zimeniongezea mvumo wa bafuni tu. Je, hili la maiki ni kweli au nitatupa hela? Na nikifanikiwa, naweza kumpa mdogo wangu faili langu naye akalitumia?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ni kweli, na hela hutatupa, ilimradi ujue mapema unanunua nini. Hupimi "sauti ya kuzunguka" kwa jumla. Unanakili kiti kimoja, ndani ya chumba kimoja, kwa masikio ya mtu mmoja, na nakala hiyo inasikika sawasawa kwenye hedifoni moja. Wengi wanaolalamika kwamba kipimo chao kimekwenda mrama wamedharau mojawapo ya hayo manne, na mara nyingi ni la chumba au la hedifoni, wala si maiki kama wanavyodhani.

Nianze na masikio, maana ndipo programu zako ziliposhindwa. Sauti ikitoka kushoto hufika sikio la kushoto kwanza, na la kulia hulifikia ikiwa imechelewa kidogo mno, milisekunde 0.7 hivi ikizidi sana. Ubongo unaikamata tofauti hiyo bila shida na kuitumia hasa kwa milio mizito. Kwa milio myembamba, kuanzia kama hezi 1,500 (mitetemo 1,500 kwa sekunde) kwenda juu, kichwa chenyewe kinakinga sauti, na sikio la upande wa pili linasikia hafifu zaidi. Lord Rayleigh wa Uingereza aliyaeleza haya mwaka 1907 na bado yanasimama. Ila yameacha pengo moja kubwa: spika iliyo mbele yako kabisa na iliyo nyuma yako kabisa zote zinafika masikio mawili kwa wakati uleule na kwa nguvu ileile. Kwa hesabu ya muda na nguvu peke yake huwezi kuzitofautisha.

Kinachozitofautisha ni mikunjo ya sikio la nje. Sauti nyembamba inagonga mabonde na kingo za sikio, inaruka, inakutana na ile iliyokuja moja kwa moja, na katika milio fulani zinauana. Hapo yanabaki mashimo katika sauti, mengi yakiwa kuanzia hezi 6,000 kwenda juu, na yanahama kutegemea sauti imetoka mbele, nyuma, juu au chini. Ubongo wako umeyasoma mashimo ya masikio yako tangu utotoni. Ya masikio yangu hauyajui.

Programu za kawaida zinakusikilizisha kwa masikio ya mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni sanamu. Vipimo vinavyojulikana sana ni vile vya chuo cha MIT cha Marekani, vilivyotolewa mwaka 1994 kwa kutumia sanamu liitwalo KEMAR, ambalo liliundwa mwaka 1972 kwa maumbile ya mtu mzima wa wastani. Elizabeth Wenzel wa NASA na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba watu wakisikia kupitia masikio yasiyo yao, kuchanganya mbele na nyuma kunaongezeka waziwazi. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wengi wao wanaongeza mvumo wa bandia ili sauti angalau itoke nje ya kichwa. Huo ndio mvumo wako wa bafuni.

Kujipima mwenyewe kunaondoa kubahatisha. Unaketi kwenye kochi la kaka yako ukiwa na maiki mlangoni mwa kila sikio, spika moja inapiga mlio wa kipimo, na maiki zinarekodi kilichofika baada ya kupita chumba, kichwa, mabega na mikunjo ya masikio yako. Kutokana na rekodi hiyo programu inakokotoa mwitikio, yaani jinsi spika ile, ikiwa mahali pale, inavyofika kwenye sikio lile. Unarudia kwa kila spika. Spika 5 kwa masikio 2 ni miitikio 10. Filamu ikichezwa, kompyuta inapitisha kila chaneli katika miitikio yake miwili, inajumlisha vya kushoto pamoja na vya kulia pamoja, na hedifoni inakuletea mlangoni mwa sikio kilekile ambacho spika zingekuletea. Ndiyo maana kipimo kikikubali mtu hujikuta anavua hedifoni ahakikishe spika zimezimwa.

Mlio wa kipimo ni mluzi unaopanda kutoka besi ya chini kabisa hadi ukomo wa sikio, kwa sekunde 6 hivi kwa kila spika. Mbinu hii ilipata nguvu baada ya Angelo Farina wa Italia kuieleza mwaka 2000, na ina faida mbili ambazo kupiga makofi au kupasua puto hakuna. Ya kwanza, nguvu ya mlio imetandazwa katika sekunde zote hizo, kwa hiyo kelele ndogondogo za chumba zinamezwa kwenye hesabu. Ya pili, mikwaruzo ya spika yenyewe inajitenga kimuda na mwitikio halisi na unaweza kuikata. Kwa hiyo anayekushauri upasue puto, mwache. Kuna vijana huniuliza kama wanaweza kwenda Mapango ya Amboni wakapima mwangwi wake kwa mluzi huohuo ili wautumie kwenye muziki. Wanaweza, kwa spika ya betri na ruhusa ya wahusika, ila hapo wananakili pango, na popo wa mle nao wana haki yao.

Sasa tuje kwenye chumba, ambacho ndicho kitakachoamua kama utafurahi. Sebule zetu nyingi za Tanga ni kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae, madirisha mapana ya vioo na siling bodi juu. Vyote hivyo vinarudisha sauti. Ukiwa umekaa ndani ya chumba hicho ubongo unakisamehe, kwa sababu unakiona na umekizoea. Ukikisikia kwenye hedifoni ukiwa Chumbageni, ndani ya chumba kidogo chenye kitanda na kabati, hausamehi tena: sauti inadai sebule kubwa, macho yanaona chumba kidogo, na kwa wasikilizaji wengi spika zinaanza kusogea kichwani. Kadiri unavyonakili mvumo mchache, ndivyo mgongano huo unavyopungua.

Kwa hiyo tenga jioni nzima ya kuandaa sebule ya kaka kabla ya kufikiria maiki. Tandika zulia nene kati ya kochi na spika za mbele. Mkeka hautoshi, ni mwembamba mno. Kisha tafuta mahali ambapo sauti ya spika za mbele inagonga ukuta wa pembeni na kukurukia: keti kwenye kochi, mtu apitishe kioo cha kujitazamia ukutani kwa usawa wa kichwa chako, na pale utakapoiona spika ndani ya kioo, simamisha godoro. Godoro la sponji lililosimamishwa wima halipendezi, lakini ni la usiku mmoja, na linameza sauti kuliko pazia lolote. Kochi nalo livute kutoka ukuta wa nyuma hata mita 1, maana kichwa kikiwa karibu na ukuta besi inavimba na utaibeba besi hiyo nyumbani milele.

Halafu mahali pa spika. Mpangilio wa kimataifa wa chaneli 5, ule wa ITU (shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano), unataka spika mbili za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande wa pua yako, ya kati iwe mbele kabisa, na mbili za kuzungusha ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni na nyuma kidogo tu. Wengi huzining'iniza hizi mbili kwenye kona za nyuma karibu na dari, na pengine kaka yako kafanya hivyohivyo. Zishushe kwa usiku huo, ziwe juu ya stuli, karibu na usawa wa masikio. Kwa spika za mbele huhitaji chombo cha kupimia nyuzi: chukua uzi, umbali kati ya spika ya kushoto na ya kulia uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kichwani mwako, na nyuzi 30 zimepatikana zenyewe. Sabufa iache inavyofanya kazi siku zote. Kama amplifaya ndiyo inayoipelekea besi za spika nyingine, besi hizo zitaingia ndani ya kipimo cha kila spika bila wewe kufanya chochote.

Ukiona kuhamisha fanicha za kaka ni kutafuta ugomvi na wifi, ipo njia nyingine. Chukua spika moja nzuri, iweke mbele yako, keti kwenye stuli inayozunguka, na badala ya kuhamisha spika ugeuke wewe: mara spika iwe nyuzi 30 kushoto kwako, mara nyuzi 110, na kadhalika, kwa alama ulizochora sakafuni kwa chaki. Ubaya wake ni kwamba mwangwi wa chumba unatoka pembe zisizo zake, kwa hiyo inahitaji chumba kilichopunguzwa mwangwi zaidi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuifanyia hapohapo kwako mchana, na mwenye nyumba atavumilia dakika chache za miluzi.

Usiku wa kupima, zima panga boi, zima kiyoyozi, chomoa friji. Raskazone ukingoni mwa bahari utasikia upepo, basi funga madirisha. Kutakuwa na joto, nalo si la kupuuza: jasho linalegeza plasta inayoshika waya za maiki shavuni na maiki zinateleza. Ndiyo maana nasema chumba kiandaliwe kabla, ili ukishavaa maiki uwe mbioni kumaliza.

Kuhusu maiki zenyewe, unahitaji kapsuli mbili za elektreti, yaani vichwa vidogo vya maiki, zenye kipenyo cha milimita 6 hivi, za aina moja. Zipo zilizokwisha kuungwa waya kwa kazi hii, za kuagiza, na fundi redio yeyote anayechomea risasi vizuri anaweza kukuungia jozi. Chukua viziba masikio vya sponji, vikate vibaki vifupi, vitoboe katikati, ingiza kapsuli uso wake ukiangalia nje. Kisha minya sponji, iingize sikioni taratibu mpaka uso wa maiki ulingane na mlango wa tundu la sikio, usichungulie nje wala usizame ndani. Sponji ikitanuka inashika. Waya upitishe kwenye ule mwanya wa chini ya sikio, ushuke shavuni, na uubandike kwa plasta ya vidonda ili ukivutwa kwa bahati mbaya uvute shavu, usivute maiki. Jiangalie kwenye kioo: maiki ya kushoto na ya kulia zikae kwa kina kimoja. Hakuna haja ya kwenda ndani zaidi ya hapo. Hammershøi na Møller wa Denmark walipima na kuthibitisha katika miaka ya 1990 kwamba habari zote za mwelekeo zimeshakamilika mlangoni, hata tundu likiwa limezibwa. Kama uliwahi kutoboka ngoma ya sikio au linatoa usaha, muone daktari kwanza.

Maiki hizi ni za bei ndogo, na watu wanaogopa kwamba kwa hiyo kipimo kitakuwa cha bei ndogo. Sivyo, na sababu yake inatokana na hedifoni. Baada ya spika zote kupimwa, bila kugusa maiki, unavaa hedifoni juu ya maiki hizohizo na kupiga mluzi uleule kupitia hedifoni. Programu inakigeuza kinyume kipimo hicho na kukitumia kufuta tabia ya hedifoni. Kama maiki yako inaongeza trebo (milio myembamba) kidogo, iliiongeza kwenye spika na imeiongeza vilevile kwenye hedifoni, na katika hesabu moja inaifuta nyingine. Hata maiki ya kushoto ikiwa na nguvu kuliko ya kulia, tofauti hiyo inajifuta. Sharti ni moja: maiki isihame kati ya kipimo cha spika na cha hedifoni. Ikihama hata kidogo, mashimo ya milio myembamba yanahama nayo na hakuna kitakachofutana. Ukihisi imeteleza, rudia vyote.

Kutokana na hilo unaelewa kwa nini iafoni za kuchomeka ndani ya sikio hazifai hapa: mahali pake pamekaliwa na maiki. Unahitaji hedifoni kubwa inayofunika sikio zima bila kulibana, na ile yenye mgongo wazi ni bora zaidi kwa sababu haibadiliki sana ukiivua na kuivaa. Hata hivyo kila uvaaji una tofauti yake huko juu kwenye trebo. Mimi hupendelea kuivaa na kuivua mara kadhaa, kupima kila mara, na kuchukua wastani. Na usiiruhusu programu ijaze kila shimo inaloliona kwenye kipimo cha hedifoni, maana shimo jembamba likijazwa na kesho hedifoni ikakaa milimita mbili pembeni, utapata mlio mkali wa kuchoma sikio. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka kuliko zote, kisha wanasema kujipima ni uongo.

Mambo madogo ya kurekodi nayo yanaua kazi kimyakimya. Maiki zote mbili ziingie kwenye chombo kimoja cha stereo, si kila moja na chake, la sivyo ile tofauti ya sehemu ya milisekunde inapotea. Tundu la maiki la laptopu nyingi ni la chaneli moja tu, kwa hiyo rekoda ya mkononi yenye tundu la stereo linalotoa umeme mdogo kwa maiki ni salama zaidi. Volti 48 za intafesi za studio (vifaa vya kuunganisha maiki na kompyuta) si za kapsuli hizi: tumia adapta, ama utaziunguza. Zima kila kinachojirekebisha chenyewe, iwe ni kupunguza kelele, kukata besi au kupandisha sauti. Kiwango cha kurekodi ukishakiweka usikiguse mpaka mwisho. Na wewe mwenyewe usitikisike: chagua doa ukutani usawa wa macho, likodolee, na kaka ndiye abonyeze.

Upande wa programu huhitaji kulipia. Impulcifer, iliyoandikwa na Jaakko Pasanen, ni ya bure na imetengenezwa kwa kazi hii hasa: inachukua rekodi zako, inakokotoa miitikio, inakata mkia wa kelele, inatia marekebisho ya hedifoni na kutoa faili moja. Kwenye Windows faili hilo linachezwa na programu ya HeSuVi ikiwa juu ya Equalizer APO, programu ya kurekebisha sauti ya kompyuta. Faili lake lina chaneli 14, yaani spika 7 mara masikio 2, usishtuke ukiwa umepima 5 tu. Kwenye Linux, mfumo wa sauti wa PipeWire unalisoma faili hilohilo. Kitu kimoja kinachowachanganya watu: filamu yenyewe lazima iwe na chaneli 5 na ya sabufa, na kompyuta iwekwe kuzitoa zote. Ukiipa stereo utasikia spika mbili za mbele peke yake, na hilo ndilo jibu sahihi. Wala usiidharau hali hiyo. Muziki uliomiksiwa kwa ajili ya spika, taarab za zamani zenye fidla upande huu na ngoma upande ule, unapumzisha sikio ukisikika kwa namna hii kuliko unavyosikika moja kwa moja kwenye hedifoni.

Kuna jambo ambalo njia hii ya bure haitakupa. Ukigeuza kichwa, spika zote zinageuka nawe. Hans Wallach alionyesha mwaka 1940 kwamba kutikisa kichwa ni mojawapo ya njia kuu tunazotumia kujua sauti iko mbele au nyuma, na hapa umenyang'anywa. Mashine za Smyth Research za Uingereza, ile A8 na baadaye A16 iliyochangishiwa fedha mwaka 2016, zinapima ukiwa umetazama pande tatu na zina kifaa kinachofuatilia kichwa, hivyo spika zinabaki mahali pake ukigeuka. Bei yake ni maelfu ya dola, na kwa kazi yako sikushauri. Wewe unatazama kioo cha televisheni muda wote, na picha yenyewe inashikilia sauti ya mbele mahali pake. Ukihisi spika ya kati imepanda juu ya paji la uso siku za mwanzo, ndiyo ngumu kuliko zote kuiweka mbele. Ipe siku chache za kusikiliza huku unatazama kabla ya kuihukumu.

Njia nyepesi zaidi ipo kama unatumia vifaa vya Apple. Tangu iOS 16 ya mwaka 2022, simu za iPhone zenye kamera ya kutambua uso zinaweza kuskani masikio yako na kukadiria mikunjo yake. Ni bora kuliko sanamu la wastani, lakini ni makadirio kutoka kwenye umbo, wala haina sebule ya Raskazone ndani yake. Kwa kuangalia sinema, inatosha. Kwa kazi ya kumiksi, ningepima.

Na kwa kumiksi, jiwekee mpaka. Kuamua mlio wa pikipiki upite wapi, mvua ikae upande gani, mazungumzo yasizidiwe na muziki, yote hayo utayafanya usiku kwa hedifoni na utayaamini. Besi usiiamini: sabufa inaisikia mwili mzima, hedifoni inaishia sikioni. Kabla hujakabidhi kazi, nenda ukaisikilize kwenye kochi lenyewe. Ukitaka kujua kama kipimo chako bado kinasema kweli, hapo ndipo pa kulinganisha, kwa sababu kochi hilo ndilo ulilonakili.

Mdogo wako je? Faili lako litacheza kwake, sauti itatoka na itasikika pana. Ila ni kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya mwingine: anaivaa, lakini mabega yanamkataa. Kichwa chake kikiwa kikubwa kuliko chako, spika za pembeni zitasogea, na za mbele huenda zikamrukia nyuma. Watafiti wa Uholanzi, Hofman na wenzake, waliwavisha watu vibandiko vya kubadilisha umbo la masikio, na matokeo yao ya mwaka 1998 yalionyesha kwamba baada ya wiki kadhaa ubongo ulijifunza masikio mapya, na vilipotolewa ukarudia ya zamani bila taabu. Lakini walivivaa muda wote, mchana kutwa. Kwa saa moja ya filamu kwa wiki hatajifunza kitu.

Kwa hiyo mwambie aje Raskazone usiku huohuo. Chumba kikishaandaliwa na nyaya zikishapangwa, kumpima mtu wa pili ni kazi fupi kuliko kusimamisha godoro. Awe na sponji zake mwenyewe, tusigawane nta za masikio. Aje na hedifoni atakayoitumia kwake, si ya kuazima. Na wewe kama unazo mbili, moja ya kazini na moja ya nyumbani, zipime zote mbili kabla hujachomoa maiki, maana ukishazichomoa huwezi kuzirudisha palepale, na hedifoni mpya itataka uanze tena na spika zote.